Dada mafunzo tunayapataje? Kwa wote tunaofanya kazi maktaba Dodoma na mikoa ya kati

Habari za kazi ndugu zangu wa maktaba. Nimeamua niandike hii kwa urefu maana swali ni lilelile kila wiki, linatoka kwa wadogo zangu walioajiriwa juzijuzi kwenye maktaba za vyuo hapa mjini, na linatoka kwa walimu waliokabidhiwa funguo za maktaba ya shule huko Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chemba wakaambiwa haya mwalimu, maktaba ni yako. Dada sisi mafunzo tunayapataje, mbona semina wanaenda walewale?

Nawaelewa kabisa. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu nagonga mihuri na kurudisha vitabu kwenye shelfu nikisubiri jina langu litoke kwenye orodha ya semina, orodha ikitoka sipo, ikitoka nyingine sipo, iliniuma mno. Siku nilipojikaza nikaingia ofisini kwa mkuu wangu wa idara kuuliza kulikoni, akanisikiliza vizuri halafu akaniuliza, sasa wewe unataka ukajifunze nini? Nikakosa jibu. Nilichokuwa nacho kichwani ni neno "mafunzo" tu, basi, na hakuna mtu wa mipango anayeweza kuliombea fungu neno lenyewe hivyo likiwa peke yake. Haya yote nitakayowaeleza yametokana na lile swali lake, kwahiyo tuanzie hapohapo.

Chukua daftari la kawaida, lile la kurasa 48 linatosha kabisa, liweke kaunta. Kwa wiki mbili, kila msomaji akikuuliza kitu kikakushinda, au umekipata lakini umehangaika nusu saa, au umemwambia njoo kesho huku unajua kesho hakuna kitu, andika. Tarehe, aliuliza nini, wewe ulikwama wapi. Usiandike jina lake, swali lake tu linatosha. Na uandike palepale akishaondoka, ukisema utaandika jioni utakumbuka mawili matatu na yale mazito yatakuwa yameshapotea.

Ya kwangu yalikuwa hivi. Mwanafunzi wa uuguzi anataka makala za karibuni kuhusu kifafa cha mimba, nikampa kitabu cha zamani nikaona aibu. Kijana wa kilimo anatafuta tafiti za magonjwa ya zabibu, nikamwelekeza aende kituo cha utafiti Makutupora kana kwamba sisi maktaba hatuhusiki na utafiti. Mzee mmoja ametoka Chamwino kuja kutafuta historia ya Wagogo, kitabu tunacho kabisa, lakini kilishabandikwa namba isiyo yake kikawa kinakaa kwenye shelfu nyingine, nilikiona miezi miwili baadaye, mzee hakurudi. Msomaji asiyeona ameuliza kama tuna kompyuta inayosoma kwa sauti. Mfumo wa kuazimisha umegoma na anayeujua yuko likizo. Mchwa wamekula vitabu vya shelfu ya chini.

Wiki mbili zikiisha kaa chini uyapange mafungu. Utaona yenyewe yanajipanga: kuna fungu la kutafuta taarifa mtandaoni, la katalogi (ile orodha ya vitabu vyote vya maktaba) na uainishaji (kuvipa namba kufuatana na mada), la mfumo wa kompyuta, la kuhudumia watu wenye mahitaji yao, na la kutunza vitabu visiliwe na mdudu. Fungu lenye maswali mengi ndo mafunzo yako ya kwanza, hata kama moyo wako unapenda lile lingine. Mimi nilikuwa naipenda kompyuta lakini daftari likasema katalogi, nikalifuata daftari na sijajuta.

Sasa kabla hujafikiria nauli ya kwenda popote, angalia hapahapa mjini. Hiki kitu huwa nakisema mpaka watu wananichoka, ila Dodoma tumejaliwa. Kuna Maktaba ya Mkoa, ambayo iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hiyo Bodi kwa sheria iliyoiunda mwaka 1975 ina jukumu la kusimamia huduma za maktaba nchini, na kufundisha wakutubi, yaani wataalamu wa maktaba, ni sehemu ya kazi yake, kwahiyo ukienda kuomba ushauri hauombi hisani. Kuna UDOM na maktaba za ndaki zake kule mlimani, kuna St John's, kuna Chuo cha Mipango, kuna CBE ya mambo ya biashara, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Bunge nalo lina maktaba yake. Nyingi ya hizi ni mwendo wa daladala moja au mbili. Na kila moja ina mtu mmoja anayejua kitu kimoja vizuri kuliko wewe.

Unachofanya ni hiki. Mwombe mkuu wako akuandikie barua fupi kwa mkuu wa maktaba unayotaka kwenda, aombe ukae siku mbili mezani kwa mtu wa katalogi, au wa mfumo, au wa huduma kwa wasomaji, kufuatana na daftari lako. Siku mbili, usiombe wiki, wiki itawatisha wenyeji na huku kwenu itaacha kaunta tupu. Nenda na maswali yasiyozidi matano yaliyoandikwa. Nenda na vitabu vitatu vinne vya kwenu vilivyokushinda kuvipa namba, ufanye ukiwa pale, yule mwenyeji akikuangalia. Ukienda mikono mitupu utatembezwa kwenye shelfu, utaoneshwa jengo, utapewa chai, utarudi. Na waalike na wao waje kwenu, kuna kitu wewe unakijua na wao hawakijui, mambo ya kuhudumia watu ndo yalivyo.

Mimi siku mbili hizo zilinifungua macho kwenye Dewey, ule mpangilio wa kuvipa vitabu namba kwa mada, kuliko mwaka mzima wa kubahatisha. Nilikuwa naweka kila kitu chenye Kiswahili sehemu moja, yaani sarufi, riwaya, mashairi, kamusi, vyote pamoja. Yule kaka akanikalisha akanionesha kwamba lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi ya Kiswahili ni 896.392, ile tarakimu ya mwanzo tu ndo inabadilika, na ukishaona huo mpangilio unaanza kuona jinsi Dewey nzima inavyofikiri. Historia ya Tanzania 967.8. Kilimo cha zabibu 634.8, hiyo kwa Dodoma ni ya kuishika kichwani kabisa. Halafu akanionya kwamba maktaba nyingi za vyuo vikuu hazitumii Dewey, zinatumia mpangilio wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ambako Kiswahili kinakaa PL8701 na Tanzania inaanzia DT436, kwahiyo mtu uliyejifunza mmoja ukihamishwa unajikuta mgeni. Jifunze ule wa kwenu kwanza mpaka uuzoee, ndo uangalie wa jirani.

Kuhusu vumbi na mchwa, hilo ni janga letu la mikoa ya kati na kozi nyingi za mtandaoni zinazungumzia mafuriko na ukungu, hazitufai sana. Hapa Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, wale kazi yao ni kutunza makaratasi ya serikali. Andikeni barua kama maktaba mwende watu wawili watatu mkaone wanavyopanga maboksi na wanavyojikinga na wadudu. Kwa maktaba ya shule yenye sakafu ya saruji iliyopasuka mnaanza na vitu vidogo, shelfu isigusane na ukuta, shelfu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni, vitabu vya chini vishushwe na kufutwa kila mwezi, haya yanafanyika bila bajeti.

Haya, tuje kwenye simu na kompyuta. Hapa yapo mengi mno na ndo watu wanapopotelea, unakuta mtu amejiandikisha kozi kumi na moja hakuna aliyomaliza hata moja. Chukua moja, kulingana na daftari.

Kama fungu lako kubwa ni kutafuta makala na tafiti, anza na Research4Life. Huu ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa, unazipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaalamu bure au kwa ada ndogo. Ndani yake kuna Hinari ya mambo ya afya iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, kuna AGORA ya kilimo iliyoanza 2003 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo, kuna OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria. Yule mwanafunzi wangu wa kifafa cha mimba jibu lake lilikuwa Hinari, yule wa zabibu lilikuwa AGORA, na mimi nimekaa kaunta sijui. Sasa sikilizeni, inayosajiliwa ni taasisi, siyo mtu binafsi, kwahiyo kabla hujahangaika kusajili uliza kwanza kama chuo chenu au hospitali yenu ilishasajiliwa zamani na nywila iko kwenye droo ya mtu aliyestaafu, hilo nimelikuta zaidi ya mara moja. Na wana mafunzo yao ya mtandaoni ya bure kabisa, ya kujifunza kwa hatua, unafundishwa namna ya kutafuta, namna ya kutumia kila mkusanyiko, na ile kozi yao kubwa inayofunguliwa kwa vipindi ukiimaliza unapata cheti. Ukishajua wewe, wafundishe wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoandika tafiti, hapo ndo utaona maktaba inavyojaa.

Walio vyuo vikuu na taasisi za utafiti ulizeni pia habari za COTUL, ule umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, wanashirikiana kulipia majarida na huwa wanaandaa mafunzo kwa wanachama. Chuo kikiwa mwanachama nafasi ya mafunzo ikija inakuja kwa mkuu wa maktaba, kwahiyo yeye ndo wa kumwambia mapema kwamba ikija nafasi ya kitu fulani, mama au mzee, mimi naihitaji kwa sababu hizi.

Kama kilichokushinda ni mfumo wa kompyuta, basi ni Koha, programu ya kuendeshea kazi za maktaba. Maktaba nyingi zinaitumia au ziko njiani kuitumia, ni programu huria, haina malipo ya leseni, ilianzia New Zealand na ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi. Wengi tunafundishwa Koha kwa kuambiwa bonyeza hapa bonyeza pale, siku kitufe kikihama unakwama. Jifunze kwanza kilichoko nyuma yake, yaani MARC 21, utaratibu wa kuandika taarifa za kitabu kwa namba ili kompyuta izisome. Haina ugumu wanaousema. Namba ya ISBN inakaa 020, namba ya Dewey 082, mwandishi 100, kichwa cha kitabu 245, mchapishaji 260 au 264, mada 650. Chukua vitabu vyako ishirini, viandike kwa mkono kwenye karatasi kwa kutumia hizo namba sita tu, kila siku vinne, wiki moja. Ukija kukaa mbele ya Koha utakuwa unaielewa inakuuliza nini. Halafu kwenye tovuti ya jumuiya ya Koha kuna mwongozo mzima wa bure na kuna Koha za majaribio ambazo unaingia unacheza unavyotaka, ukiharibu hakuna anayekufokea. Na kama ofisini kuna kompyuta ya zamani inayokaa bure, mwombe mtu wa tehama akuwekee Koha humo ya kujifunzia. Jambo moja tu nawasihi, msijifunzie kwenye ile inayofanya kazi. Nimeshuhudia mahali fulani rekodi za wasomaji zikifutwa na mtu aliyekuwa "anajaribu", nakala ya akiba hakuna, watu walilala pale wiki nzima wakiingiza upya.

Kwa yule msomaji asiyeona, kuna programu inaitwa NVDA, ya bure, inasoma kilichoko kwenye kompyuta ya Windows kwa sauti. Jioni mbili za kujifunza zinatosha kuanza. Ila usijifunzie mwenyewe ukiwa umefumba macho ukadhani umeelewa, kaa na mtu anayeitumia kweli. Hapa mkoani tuna shule ya wasioona Buigiri, walimu wa pale wana uzoefu wa miaka na miaka, waombeni kwa heshima wawape hata asubuhi moja. Hili kwangu liko moyoni sana, maana msomaji wa aina hii akiondoka bila huduma huwa harudi tena na hata wenzake anawaambia pale msiende.

Kuna na AfLIA, huu ni umoja wa vyama na taasisi za maktaba za Afrika, makao yake Accra, ulianza 2013. Wanaendesha mikutano ya Zoom na kozi kwa ajili ya wakutubi wa Afrika, nyingi hazina malipo, na mifano yao ni ya mazingira yetu, umeme unakatika, vitabu ni vya msaada, wasomaji ni wengi kuliko viti. Kuna WebJunction ya OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, ina kozi fupifupi za bure za maktaba za umma, ni za Kimarekani kwahiyo chukua kinachokufaa, zile za kuhudumia msomaji mkali na za kupunguza vitabu chakavu zilinisaidia. Na kila mwaka kuna kampeni ya 1Lib1Ref, Januari 15 hadi Februari 5 na tena Mei 15 hadi Juni 5, wakutubi duniani wanaongeza vyanzo kwenye makala za Wikipedia. Fanya kwenye Wikipedia ya Kiswahili, chukua makala za huku kwetu, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, tafuta kitabu shelfuni kwako kinachothibitisha sentensi moja, weka. Ni mazoezi mazuri ya kutafuta ushahidi na hayahitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu bando, najua. Mikutano ya Zoom zima kamera, sikiliza kwa sauti tu, inapunguza sana. Omba wakutumie rekodi, pakua usiku kwa bando la usiku. Na muulize bosi kama unaweza kubaki ofisini saa moja baada ya kazi kutumia intaneti ya ofisi kwa ajili ya kozi, mimi sijawahi kukataliwa, ila niliuliza kwa maandishi.

Sasa kozi ndefu, za kukaa darasani mpaka upate cheti kinachobadilisha cheo. Hapa nenda taratibu maana ni pesa na ni miaka. Chuo chetu kikongwe cha fani hii ni SLADS kule Bagamoyo, kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kimeanza 1989, kinatoa astashahada na stashahada za ukutubi na utunzaji nyaraka, na huwa wanakuwa na kozi fupi pia, kwahiyo mwalimu wa maktaba ya shule usidhani hapakuhusu, piga simu uulize kozi fupi za mwaka huu. Safari yenyewe siku hizi imekuwa rahisi, unapanda SGR Dodoma hadi Dar, ilipoanza 2024 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000, ukishuka unaenda Makumbusho unapanda gari za Bagamoyo. Kwa shahada kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Tumaini ya Dar, kuna SUA Morogoro upande wa taarifa na kumbukumbu. Na kwa ambao hamuwezi kuacha kazi na watoto, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Dodoma na kina shahada ya uzamili ya maktaba na usimamizi wa taarifa. Wa masijala na kumbukumbu mna Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Singida liko karibu na Tabora lipo.

Kabla hujalipa hata ada ya fomu hakikisha mambo mawili. La kwanza, chuo na kozi yenyewe viko kwenye orodha ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama ni astashahada au stashahada, au ya TCU, tume ya vyuo vikuu, kama ni shahada, angalia mwenyewe kwenye tovuti zao, usimwamini wakala. Ngazi zinajulikana, astashahada ni NTA 4 na 5, stashahada ni 6, shahada ni 8, mtu akikuambia cheti cha miezi mitatu ni "sawa na diploma" ondoka. La pili, na hili limewaliza wengi, uwe na ruhusa ya maandishi ya mwajiri kabla ya kuanza. Nina dada yangu mmoja kikazi alijisomesha wikendi kwa miaka mitatu kwa siri akitaka kuwashtukiza kwa furaha, alipopeleka cheti ili abadilishiwe kada akaulizwa barua ya ruhusa iko wapi. Hakuwa nayo. Amehangaika nalo muda mrefu mno na mtu yule ni hodari kuliko wengi tulio juu yake.

Kwahiyo barua. Hii ndo sehemu ambayo daftari linalipa. Watu wengi wanaandika "naomba kuhudhuria mafunzo ili kuongeza ujuzi na ufanisi", bosi amesoma sentensi hiyo mara mia. Wewe andika hivi, ukiweka namba zako:

"Yah: Maombi ya kuhudhuria mafunzo ya katalogi na uainishaji kwa siku tano. Kati ya tarehe 3 na 14 mwezi uliopita wasomaji 41 waliuliza vitabu kaunta ambavyo havikupatikana kwa wakati. Kati ya hivyo, 17 vilikuwemo maktaba lakini vilikuwa na namba zisizo sahihi. Naomba kuhudhuria mafunzo yaliyotajwa hapo juu ili niweze kusahihisha namba za vitabu vya sehemu ya Kiswahili na historia ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi. Katika siku hizo kaunta itasimamiwa na mwenzangu, ambaye ameridhia. Gharama ni ada, nauli na posho kama jedwali lilivyoambatishwa. Endapo fungu halitoshi, naomba ruhusa na ada pekee, nauli nitajigharamia."

Ona hiyo barua inavyosema. Tatizo lina namba, kazi itakayofanyika ina muda, kaunta haibaki wazi, na umempa njia mbili za kukubali. Ile ya mwisho ya nauli weka kama kweli unaweza, usijitwishe deni.

Na muda wa kuipeleka ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, makisio yanaandaliwa miezi kadhaa kabla. Ukipeleka barua Mei utaambiwa hakuna fungu, na atakayekuambia hivyo atakuwa anasema kweli. Muulize mtu wa mipango au mhasibu wa kwenu makisio ya idara yanakusanywa lini, peleka mahitaji yako kabla ya hapo ili mafunzo yako yaingie kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi yakiwa na kiasi mbele yake. Kwa watumishi wa umma, malengo yako ya mwaka kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, yaendane na mafunzo unayoomba. Kama lengo lako la mwaka ni kusahihisha katalogi na unaomba kwenda kujifunza katalogi, anayesoma ataona kitu kimoja. Shule za sekondari, mwalimu, zungumza na mkuu wa shule kabla bajeti ya shule haijafungwa, na kama kuna shirika linalosaidia vitabu wilayani kwenu ulizeni moja kwa moja kama kwenye msaada wao kuna sehemu ya kufundisha wasimamizi wa maktaba. Vitabu vikija bila mtu kufundishwa, vinabaki kwenye maboksi.

Chama nacho. Jiungeni na chama cha wakutubi Tanzania, TLA, mikutano yake ndo mahali unapojua nani anafanya nini, na taarifa za nafasi huzunguka kwanza humo kabla ya kufika huku kwetu. Kuna na SCECSAL, mkutano wa vyama vya maktaba vya Afrika mashariki, kati na kusini, nchi zinapokezana kuuandaa kila baada ya miaka miwili. Ukienda kama msikilizaji tu ofisi inaona matembezi, ukienda una mada ya kuwasilisha inakuwa ofisi ndo imealikwa, kwahiyo lile daftari lako baada ya mwaka mmoja lina mada ndani yake tayari, ulianza wapi, ulijifunza nini, maswali yanayoshinda yamepungua kiasi gani. Kama kuandika kunakutia hofu tafuta mwenzako wa chuo kingine muandike wawili.

Ukirudi kutoka mafunzo yoyote, hata yale ya siku mbili mezani kwa jirani, wiki hiyohiyo waite wenzako dakika arobaini, wafundishe kitu kimoja tu, wakifanye kwa mikono yao. Tumia vitabu vya kwenu, siyo slaidi ulizopewa. Kaunta mnapokezana, mhudumu wa usafi na mlinzi waalikeni pia kama wanapenda, maana jioni mlinzi ndo anayeulizwa maswali na wasomaji na mara nyingi hana la kusema. Halafu rudia daftari wiki mbili nyingine ulinganishe. Namba zikishuka andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa mkuu wako, zikiwa palepale andika pia, useme kilichokosekana, labda ni kompyuta, labda ni gundi na lebo tu.

Cheti chenyewe toa nakala tatu. Moja ipeleke masijala iingie kwenye faili lako binafsi, na barua ya kuwasilisha, usimwachie mtu mkononi, nyingine kwa mkuu wa idara, ya tatu iwe na muhuri wa masijala wa kupokelewa pamoja na tarehe, hiyo unakaa nayo mwenyewe nyumbani, na piga picha zote uzihifadhi kwenye barua pepe yako.